Mtoto Anayepiga Dumu: Baba Afanye Nini?

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI:  

Wiki iliyopita baba mmoja alinisimamisha njiani. Mtoto wake wa kiume ana miaka 6. Akisikia wimbo wa kwaya mara moja anaurudia wote, huku anapiga dumu la maji bila kukosea mdundo. Sasa kuna mtu anataka kumchukua akapige kwenye harusi huko mjini, na ameahidi pesa. Baba akauliza: nimwachie aende, au nimkataze kabisa kupiga? Leo tunamjibu, na wazazi wengine msikie.

Kwanza nawapa habari ya baba mwingine, wa zamani sana. Aliitwa Leopold Mozart, mpiga fidla wa mji wa Salzburg, ambao leo uko nchini Austria. Yeye na mkewe walizaa watoto 7, wakabaki 2 tu: binti, Maria Anna, na mdogo wake Wolfgang, aliyezaliwa mwaka 1756.

Aliyeanza kufundishwa ni binti. Mwaka 1759 baba alimwandalia daftari la vipande vifupi vya kinanda. Mdogo wake naye akavutiwa, akaanza kugusa kinanda. Baba hakumfukuza. Alimfundisha kwa daftari lile lile, na kwenye baadhi ya vipande aliandika siku mtoto alipokiweza. Kipande kimoja alikijifunza tarehe 24 Januari 1761, zikiwa zimebaki siku 3 atimize miaka 5, usiku kati ya saa 3 na saa 3 na nusu. Mtoto alipoanza kutunga, baba ndiye aliyemwandikia noti.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Wazazi, hapo tunajifunza nini? Kipaji ni cha mtoto, lakini muda ni wa mzazi. Nusu saa jioni inatosha.

Utasema hatuna kinanda. Dumu linatosha kuanzia. Franco Luambo wa Kongo, ambaye wengi wenu mmecheza nyimbo zake, utotoni alianza na gitaa la kujitengenezea kwa kopo.

Fanya hivi. Piga makofi mdundo mfupi, mtoto aurudie. Akiweza, ongeza kidogo. Imba mstari, naye aitikie. Akichoka, acheni mpaka kesho. Mwombe mwalimu wa kwaya amsikilize. Na dada yake akitaka kujifunza, mwite naye.

Sasa tuje kwenye swali la harusi. Kuanzia mwaka 1762 Leopold aliwapeleka watoto wake kupiga mbele ya wafalme na matajiri. Kati ya 1763 na 1766 walizunguka nchi nyingi za Ulaya. Walipata sifa na zawadi. Lakini mwaka 1765, wakiwa Uholanzi, watoto wote wawili waliugua vibaya, nusura wafe. Wolfgang alikuja kuwa mtunzi mkubwa, dunia nzima inamjua. Maria Anna, ingawa alipiga kinanda vizuri sana, alipokua aliachwa nyumbani, na baba akaendelea na safari na mvulana peke yake.

Angalieni jambo moja. Watoto wale walipougua, baba na mama walikuwa kando ya kitanda. Je, mtoto wa miaka 6 aliye mjini na mtu baki, akipata homa usiku, nani atamshika mkono?

Kwa hiyo baba yangu uliyeuliza, jibu letu ni hili: usimkataze kupiga, wala usimwachie aende. Pesa ya harusi itaisha baada ya siku chache. Mtoto akipotea, hakuna mgao utakaomrudisha. Huyo mtu akizidi kukusumbua, mwambie kiongozi wa zoni au nenda kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto.

Na jioni ya leo, kabla ya kulala, kaa na mwanao mlangoni. Mpe dumu lake, kisha msikilize mpaka mwisho.

Mimi ni mtangazaji wenu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.

(Muziki wa kufunga.)