Mlango wa moyo unaofungwa na damu yenyewe

MOYO wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kila unapopiga, damu huchomoka kupitia mlango mdogo wenye vipande vitatu vyembamba, kisha mlango huo hujifunga upesi ili damu isirudi ndani.

Mlango huo ni vali ya aota, iliyoko pale moyo unapoungana na mshipa mkuu wa damu. Hakuna msuli unaouvuta ufunge. Je, hujifungaje?

Leonardo da Vinci, yule bingwa wa uchoraji kutoka Italia, alijiuliza swali hilo karibu mwaka wa 1513. Alipopasua mioyo ya ng'ombe, aliona kwamba nyuma ya kila kipande cha vali kuna kifuko kwenye ukuta wa mshipa. Aliandika jinsi ya kumimina nta humo ili kupata umbo lake, kutengeneza mfano wa kioo, kisha kupitisha maji yenye mbegu za nyasi ili jicho liweze kufuata mwendo wake. Alichora maji yakizunguka vifukoni, akasema mzunguko huo ndio unaofunga mlango.

Mnamo 1968, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio ya vali ya kuigiza iliyopitishiwa maji. Waligundua kuwa mkondo unapopunguza kasi, mizunguko iliyo vifukoni husukuma vipande vya vali kuelekea katikati. Kwa hivyo mlango huwa umekaribia kufunga kabla damu haijaanza kurudi.

Haya yanamhusu nini mzazi wa Nairobi au Kisumu? Ni kwamba vali huharibika. Katika Afrika Mashariki, sababu moja kubwa ni homa ya baridi yabisi, ambayo huweza kumpata mtoto aliyeugua koo kutokana na bakteria na asitibiwe. Homa hiyo hudhuru vali za moyo, hii ya aota ikiwemo. Ikikaza au kuvuja sana, huenda mgonjwa akahitaji vali bandia.

Vali bandia hujaribiwa kwanza katika maabara. Pampu husukuma mchanganyiko wa maji na gliserini, mzito kama damu, huku watafiti wakimulika kwa leza waone unapokwama. Damu ikikwama huganda, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi. Ndiyo sababu mwenye vali ya kaboni ngumu humeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Isitoshe, vali ya aina hiyo hufunguliwa na kufungwa mara milioni 400 kwa mashine, sawa na kazi ya miaka 10 hivi ya moyo.

Licha ya ufundi huo wote, hakuna vali bandia iliyoipiku ile tuliyozaliwa nayo. Basi mzazi, mwanao akilalamikia koo huku ana homa, usimpe maji ya ndimu na kungoja tu. Mpeleke hospitalini achunguzwe. Penisilini, dawa ya bei nafuu, huweza kuwaua bakteria hao kabla moyo haujadhurika.