Chukudu ya Sentimita Ishirini: Mbao za Goma na Soko la Magari Madogo

Chukudu ya kazi, skuta ya mbao ya kubebea mizigo mjini Goma, mashariki mwa Kongo, huuzwa kwa dola 50 hadi 100 hivi, kutegemea ukubwa wake na ubora wa mbao. Ina urefu wa karibu mita mbili, hubeba mamia ya kilo za viazi, kabichi au makaa, na hudumu miaka miwili mitatu kabla mawe ya volkano hayajaichosha. Ile ndogo ya kuweka mezani hutoka katika mbao zilezile na mikono ileile, lakini bei yake hukadiriwa kwa jicho, mnunuzi akishapiga kelele za kutaka apunguziwe. Nchi nyingine magari madogo ya namna hii yana viwanda, maonyesho na wakusanyaji wanaolipa vizuri. Goma yana mafundi, na hayajapata soko.

Mabanga, Kaskazini na Kusini, katika komini ya Karisimbi, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Nyumba nyingi hapa ni za mbao, zimesimamishwa juu ya lava iliyoganda, na pale penye ujenzi wa mbao hapakosi fundi wa randa na msumeno wala vipande vya mbao vinavyoishia jikoni. Watoto nao hawangoji duka. Kopo la mafuta ya kupikia, hasa lile kubwa lililokuja na misaada, hukatwa likawa bodi ya lori. Kandambili iliyochakaa hutoa magurudumu manne. Waya huwa usukani mrefu wa kuliendeshea gari mtu akiwa amesimama. Ustadi huo mtu huupata bure, na mara nyingi huuacha akifika umri wa kutafuta pesa.

Mfano ambao haupatikani kwingine

Chukudu ilienea Kivu Kaskazini katika miaka ya 1970, uchumi wa Zaire ulipokuwa ukiyumba na mkulima akihitaji chombo kisichokula mafuta. Fremu yake huchongwa kwa mti mgumu wa mumba na mkaratusi. Magurudumu ni ya mbao, yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Dereva hupiga goti moja juu ya kipande cha mpira au kandambili kilichopigiliwa ubaoni na kusukuma kwa mguu wa pili. Mteremkoni kutoka Kibumba hadi mjini, mzigo wenyewe ndio injini. Mwaka 2009 mji uliiwekea sanamu ya rangi ya dhahabu, na mzunguko wa barabara inaposimama sanamu hiyo ukaitwa Chukudu.

Kwa mfanyabiashara wa magari madogo, chombo cha namna hii ni mtaji. Toyota Land Cruiser ya plastiki inaweza kutengenezwa popote, na mwenye chapa anaweza kudai haki zake. Chukudu haina mwenye chapa, umbo lake linatambulika kwa mbali, na mfano wake mdogo hujengwa kwa mbao na mpira vilevile kama ile kubwa.

Kipimo ndicho bei

Kinachotenganisha kitu cha kuchezea na mfano unaokusanywa ni kipimo. Mkusanyaji hununua uwiano. Akiambiwa gari ni 1 kwa 24, anajua kwamba kila sentimita ya mfano ni sentimita 24 za gari halisi, na kwamba litapangika kabatini pamoja na mengine ya kipimo hicho bila moja kuonekana jitu na jingine kibeti. Kipimo hicho kilitoka kwa watu wa inchi na futi: nusu inchi kwa kila futi. Fundi wa Goma anapima kwa mita, na kwake 1 kwa 10 ni rahisi zaidi. Chukudu ya mita mbili inakuwa sentimita 20, gurudumu la sentimita 40 linakuwa 4, na gunia la mita moja linakuwa 10.

Ugumu huanzia kwenye vitu visivyokubali kupungua. Nyuzi za mti hazipungui fundi anapopunguza kipimo; ubao wenye nyuzi nene ukitumika kwenye mfano mdogo, huonekana kama gogo. Kichwa cha msumari wa kawaida, kikikuzwa mara kumi, kinakuwa kikubwa kama sahani. Rangi ikipakwa nene huziba kona zote. Kwa hiyo fundi wa mifano huchagua mbao zenye nyuzi laini, huzikausha vizuri zisije zikapasuka, hutumia pini na gundi mahali pa misumari, na hupaka rangi nyepesi mara kadhaa, akipitisha msasa katikati.

Baada ya hapo huja mapambo, ambayo kwa wapenzi wa fani hii ndiyo nusu ya raha. Chukudu mpya inayong'aa ni kitu kimoja. Chukudu yenye tope kwenye magurudumu, kipande cha kupigia goti kilicholika na magunia ya makaa yaliyofungwa kwa kamba ni kitu kingine, na hicho cha pili ndicho kinachostahili bei kubwa.

Wengine walifikaje

Tasnia ya magari madogo haikuanza na mtaji mkubwa. Lesney ilianzishwa London mwaka 1947 kama karakana ya kuyeyusha na kumimina madini. Mmoja wa wakuu wake, Jack Odell, alimtengenezea binti yake shindilio dogo la barabara kwa sababu shule iliruhusu tu vitu vya kuchezea vinavyoenea ndani ya kibiriti. Mwaka 1953 wazo hilo likawa Matchbox. Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilikuwa biashara ya mbao ikitengeneza mifano ya mbao kabla ya kugeukia plastiki mwaka 1960. Hot Wheels ya Mattel ilifuata mwaka 1968, na leo Mattel inamiliki pia jina la Matchbox.

Karibu nasi kuna mafunzo mawili. Antsirabe, Madagaska, karakana ndogo hutengeneza Citroën 2CV, Renault 4 na baiskeli kutokana na makopo, waya na vitu vilivyotupwa. Hata mipira ya dripu huwa matairi. Wageni hutembezwa humo waone kazi inavyofanyika, kisha hununua mlangoni. Nairobi, vijana hujenga matatu ndogo zenye michoro, taa na muziki kama nganya, yaani matatu zilizopambwa, zenyewe, na magari ya waya na kopo hupatikana katika Masoko ya Wamasai. Antsirabe imeuza onyesho la kazi pamoja na bidhaa. Nairobi imeuza majivuno ya njia fulani ya matatu. Wote wawili walianza na chombo ambacho mnunuzi anakifahamu na kukipenda.

Hesabu ya fundi

Tuchukue mfano wa hesabu. Fundi anataka siku yake imlipe dola 8. Akitengeneza chukudu moja kuanzia mchoro hadi vanishi, ikamla siku nzima, mkono peke yake umegharimu dola 8. Akiiuza barabarani kwa dola 5, amelipia mwenyewe nafasi ya kufanya kazi.

Sasa atengeneze violezo vya mbao ngumu kwa kila kipande, akate vipande vya chukudu 20 kwa mpigo, atoboe vyote kwa kipimo kimoja na kupaka rangi vyote siku moja. Zikimchukua siku tano, kila chukudu imekula robo ya siku, yaani dola 2. Tuongeze dola 2 za vifaa na 1 ya sanduku: gharama ni 5. Kwa bei ya dola 15 anabaki na 10. Siri ya faida hapa ni violezo, na violezo vina faida ya pili: chukudu ya ishirini hulingana na ya kwanza, jambo ambalo mwenye duka akiagiza tena ndilo analouliza.

Sanduku nalo si pambo la bure. Likibandikwa kipimo, aina ya mti, jina la karakana na namba ya toleo, mnunuzi hupata sababu ya kulipa zaidi na kurudi kwa toleo lijalo.

Mnunuzi yuko wapi

Hapa ndipo penye jeraha. Mgeni aliyekuwa akinunua kumbukumbu alikuwa mtalii wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, au mfanyakazi wa shirika la misaada, au mtu aliyekuja kwenye Tamasha la Amani, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 22 Mei 2021 ulikata msafara wa wapanda mlima. Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafunga milango, na pesa taslimu ikaadimika.

Soko lililobaki ni la aina mbili. Kwanza ni mpaka: makumi ya maelfu ya watu wamezoea kuvuka Petite Barrière kwa siku, na kifurushi kinachofika Gisenyi, upande wa Rwanda, kinaweza kufika Kigali na kuruka kutoka huko. Pili ni Wakongo walio Ulaya na Amerika, ambao hawahitaji kuelezwa chukudu ni nini na wanaolipa kwa pesa ya simu kupitia ndugu zao. Kwa soko la mbali kuna sharti moja: mbao iwe kavu, isiwe na gome, maana forodha za nchi nyingi hukataa mbao mbichi kwa kuhofia wadudu.

Hatari ipo pia. Umbo lisilo na mwenye chapa, kiwanda cha mbali kinaweza kuliiga kwa plastiki. Kinga ya fundi ni toleo dogo lenye namba, lililotengenezwa kwa mti uleule wa chukudu halisi.

Kabla ya kutafuta mfadhili au mashine, basi, kazi ya kwanza inagharimu futi kamba, karatasi na penseli: kuipima chukudu moja halisi, kipande kwa kipande, na kuichora kwa 1 kwa 10. Karakana zikikubaliana juu ya mchoro huo mmoja, magurudumu ya huyu yataingia kwenye fremu ya yule, oda ya mia moja itagawanywa kati ya mafundi watano, na bei haitapangwa tena na mgeni aliyesimama mlangoni.