Kabla ya 8-2, Barcelona ilishafungwa ofisini

AGOSTI 14, 2020 jijini Lisbon, Bayern Munich iliichapa Barcelona mabao 8-2 kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Lawama zikaanza: mabeki wamezeeka, kocha Quique Setien hana mbinu. Sawa. Lakini ukiufuatilia mwaka ule utaona Barcelona ilianza kufungwa ofisini miezi kadhaa kabla.

Tuelewane kwanza. Barcelona haina tajiri anayeimiliki wala haigawi faida. Wenye klabu ni wanachama. Wao wanachagua rais na bodi yake, ambayo wajumbe wake hawalipwi mshahara. Bodi inaajiri watendaji, bosi wa ufundi na kocha. Ngazi ni tatu na kila moja ina kazi yake. Zikiingiliana, timu inayumba.

Ndicho kilichotokea chini ya Rais Josep Maria Bartomeu.

Januari 13, 2020, kocha Ernesto Valverde alitimuliwa timu ikiwa kileleni mwa La Liga. Wiki chache baadaye Eric Abidal, mwajiriwa aliyesimamia masuala ya ufundi, akaliambia gazeti kwamba wachezaji wengi hawakuridhika wala kujituma chini ya Valverde. Lionel Messi akamjibu Instagram: ataje majina, vinginevyo anawachafua wote. Jambo la kumalizwa kikaoni likawa gumzo la dunia nzima.

Mwezi huohuo redio moja ya Hispania ikaripoti kwamba klabu ililipa kampuni iliyohusishwa na kurasa za mtandaoni zilizowaponda wachezaji wake wenyewe na wapinzani wa rais. Klabu ilikana kuagiza mashambulizi hayo. Aprili, wajumbe sita wa bodi wakabwaga manyanga kwa mpigo, wakilalamikia pia namna sakata hilo lilivyoendeshwa.

Bodi imegawanyika, bosi wa ufundi haelewani na nahodha, kocha mgeni yuko katikati. Halafu unakutana na Bayern!

Baada ya kipigo, Setien na Abidal waliondoka ndani ya siku chache. Agosti 25 Messi naye akatuma barua ya kutaka kusepa. Walioajiriwa wakalipa, waliowaajiri wakabaki vitini.

Hapo wanachama wakaamka. Katiba ya klabu inawaruhusu kuipigia bodi kura ya kutokuwa na imani. Zilihitajika saini 16,520. Corona ikiwa imepamba moto, wakakusanya zaidi ya 20,000. Oktoba 27, kabla kura haijapigwa, Bartomeu na bodi yake wakajiuzulu.

Machi 7, 2021, wanachama zaidi ya 50,000 walipiga kura na Joan Laporta akashinda. Ila deni halikuondoka na Bartomeu. Agosti mwaka huo Laporta alitangaza madeni ya Euro bilioni 1.35 na mishahara iliyofikia asilimia 103 ya mapato. Messi alikuwa ameshaondoka bure kwenda PSG.

Kwa nini habari hii ituhusu? Simba na Yanga zimeingia kwenye mfumo wa uwekezaji ambao wanachama wanabaki na asilimia 51. Asilimia hizo hazina maana kama mwanachama anakwenda mkutano mkuu kupiga makofi na kula pilau tu.

Mkutano ujao, uliza haya: Nani anaajiri kocha na nani ana mamlaka ya kumfukuza? Nani anaisemea klabu? Mjumbe wa bodi anaruhusiwa kumpigia simu kocha kuhusu kikosi? Mishahara inakula kiasi gani cha mapato? Na zinahitajika saini ngapi kuitisha mkutano wa dharura?

Wanachama wa Barcelona walikuwa na jibu la swali la mwisho. Walichelewa kuyauliza yale manne ya mwanzo, na gharama yake ilikuwa Messi.