Siri ya Mguu Imo Mkononi: Vijana wa Ireland na Mpira wa Kigaeli

Askari aliyezoea kandanda, akiutazama mpira wa Kigaeli kwa mara ya kwanza, atadhani kwamba mwamuzi amelala. Wachezaji 15 wa kila upande huudaka mpira kwa mikono, huukimbiza, huupiga kwa ngumi na kwa mguu, wala filimbi haipulizwi. Lakini mchezo huo wa Ireland una sheria kali, na mafunzo yake kwa vijana yana funzo kwa kila mmoja wetu aliyewahi kukabidhiwa watoto awafundishe.

Chama kinachousimamia mchezo huo kiliasisiwa tarehe 1 Novemba 1884 katika mji wa Thurles. Miongoni mwa waliohudhuria mkutano ule alikuwamo afisa wa polisi, Thomas St George McCarthy. Jeshi nalo lina sehemu yake: Luteni Jenerali Dermot Earley, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Ireland tangu 2007 hadi 2010, alikuwa mchezaji mashuhuri wa kaunti ya Roscommon. Na askari wa Ireland si wageni katika Afrika, kwani walitumikia Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa kati ya 1960 na 1964.

Milingoti ya goli ina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaa wa panya ni goli, lenye thamani ya pointi 3. Ukipita juu yake ni pointi 1. Tangu mwaka 2025, mpira uliopigwa kwa mguu kutoka kwenye tao la mita 40, au nje yake, ukapita juu, hupewa pointi 2. Mwenye mpira mkononi haruhusiwi kwenda zaidi ya hatua 4 pasipo kuudunda chini, au kuudondosha mguuni na kuurudisha mikononi. Wala hawezi kuudunda mara mbili mfululizo. Katika mchezo wa wanaume, kuuokota ardhini moja kwa moja kwa mikono ni kosa. Sharti mguu uuinue kwanza.

Kutokana na sheria hizo, mkono na mguu ni ndugu wasioweza kutengana. Hapa ndipo kazi ya mkufunzi inapoanza.

Mtoto hufundishwa kwanza kudaka. Mpira wa kifuani hupokewa kwa viganja vilivyoelekea juu na vidole vilivyotanuliwa, kisha hukumbatiwa. Mpira wa juu hufuatwa ulipo, hausubiriwi: mchezaji huruka, vidole gumba vikikaribiana nyuma ya mpira, macho yasibanduke kwake. Kuuinua kutoka chini, mtoto huweka mguu mmoja kando ya mpira, huinama, hutandaza mikono mbele yake mfano wa kikombe, kisha ncha ya mguu wa pili huuteleza chini na kuupandisha mikononi. Pasi ya mkono nayo haitupwi. Mpira hukalia kiganja kimoja, na mkono wa pili huugonga waziwazi, mwamuzi akaona.

Ndipo hufika upigaji wa mguu, na hapo wengi hukosea. Mtoto akipiga ovyo, mkufunzi asiye na subira huukemea mguu, ilhali kosa mara nyingi limo mkononi. Mtoto ameurusha mpira juu badala ya kuuachia. Mpira ukapinda hewani, na mguu ukaukuta mahali pasipopasa. Njia iliyo sawa ni kuushika kwa mikono miwili, kukanyaga mbele kwa mguu usiopiga, kisha kuudondosha kwa mkono wa upande ule ule wa mguu unaopiga. Kichwa huinamia mpira, vidole vya mguu hunyooshwa, na mpira hupigwa pale zinapofungwa kamba za kiatu. Mguu huendelea kuelekea shabaha hata baada ya mpira kuondoka. Kila askari aliyefunzwa kulenga atalielewa jambo hili: risasi hupotoka kabla haijatoka, katika mkono unaovuta.

Hatua hizo zote hufundishwa kwa pande mbili, kulia na kushoto. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mchezaji wa mguu mmoja hutambuliwa upesi na adui, ambaye humsukumia upande wake dhaifu, naye akaishiwa na hatua zake 4 kabla hajapiga.

Lakini mafunzo ya pande mbili yana gharama, na gharama hiyo ni ushindi wa leo. Mtoto anayejifunza mguu wa kushoto atapoteza mipira mingi wiki hii. Mkufunzi mwenye uchu wa kikombe atamwamuru atumie kulia, na atawaweka benchi wanyonge. Ili kulizuia jambo hilo, chama cha Ireland kimeweka utaratibu kwamba watoto wa umri usiozidi miaka 12 wacheze katika timu ndogo, kwa mpira mwepesi, na kila mmoja acheze mchezo mzima. Mchezo huo hauna mshahara hata kwa watu wazima. Mtoto aliyekatishwa tamaa akiwa na miaka 9 hakuna fedha itakayomrudisha uwanjani.

Sisi wa majeshini tumezoea amri na utekelezaji wa papo hapo. Hiyo ni haki yake kuruta. Mtoto si kuruta. Udongo uwahi ungali maji, lakini mfinyanzi haupigi ngumi. Basi, ndugu askari, utakapoona kijana amepiga mpira ukaenda kombo, usiukaripie mguu wake. Mwendee, utazame mkono wake, umwonyeshe, kisha umwachie apige tena, na safari hii apige kwa kushoto.