Wastaafu Wapandapo Mgeta, Kidonge Kisisahauliwe Mezani

Siku mwalimu wa chuo kikuu anapokabidhi ufunguo wa ofisi, hupoteza zaidi ya mshahara. Hupoteza salamu za asubuhi, mabishano ya wakati wa chai, na wenzake wa kumuuliza jana alikuwa wapi. Morogoro, yenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilichoanzishwa mwaka 1984 na Chuo Kikuu Mzumbe kandokando ya barabara ya Iringa, inawajua vema wazee wa namna hii.

Upweke wao si huzuni tu. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilieleza kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa na upweke, na kwamba hali hiyo huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo na kisukari. Kwa sababu hiyo, matembezi ya pamoja ya wastaafu yastahili kuhesabiwa miongoni mwa njia za kulinda afya.

Kwa wastaafu wa Morogoro, Mgeta ni mahali panapofaa. Barabara huacha njia kuu Sangasanga, ikapanda miteremko ya magharibi ya Uluguru kuelekea Langali na Nyandira. Joto la mjini hubaki nyuma. Yakaja mashamba ya kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo. Kwa mstaafu wa SUA, huko si ugenini. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei waliletwa Mgeta kupitia chuo hicho katika miaka ya 1980. Mzee aliyeishi na kazi ya utafiti hukutana tena na matunda yake, na mkulima humwamkia kwa heshima ileile ya zamani.

Hata hivyo, safari ina mtego mmoja ambao wazee wengi huuficha. Anayetumia dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo huona haya kumsimamisha dereva kila mara. Basi asubuhi ya safari hukiacha kidonge mezani, na maji ya kunywa hayagusi. Akifika mlimani, shinikizo limepanda, mwili umekauka, na kizunguzungu kinamkuta kwenye mteremko. Dawa haina kosa hapo. Kosa ni la safari iliyopangwa bila kufikiria choo.

Tiba yake ni nyepesi. Wiki moja kabla, mzee amuulize daktari kama saa ya kumeza dawa inaweza kusogezwa. Asiamue peke yake. Kiongozi wa msafara naye apange vituo vyenye choo na kuvitangaza mapema, ili asiwepo wa kuomba kwa aibu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asingoje chakula cha mchana kinachochelewa. Abebe mkononi sukari au juisi. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa, apewe mara moja iwapo ana fahamu na anaweza kumeza. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Apelekwe haraka kituo cha afya, ambacho kiongozi awe amekwisha kukitambua kabla ya kuondoka.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi yenye majina na vipimo vyake. Sweta, fimbo na viatu visivyoteleza ni vya lazima, kwani kushuka mlima huumiza magoti kuliko kupanda, na ndiko wengi huanguka. Mwenye goti bovu asiachwe nyumbani. Soko la Nyandira lina mazungumzo ya kutosha kwa anayekaa kwenye kiti wakati wenzake wakitembea.

Mhudumu wa kliniki huuliza daima, “Mzee, dawa unameza?” Swali hilo liongezewe jingine: “Na siku za safari, unafanyaje?” Huenda jibu lake likawa ndilo linaloeleza kipimo cha shinikizo kilichokataa kushuka.