"Ile Hela": Sarufi ya Walaghai

Sentensi iliyowapokonya watu wengi fedha zao nchini Tanzania haina hata neno moja gumu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tapeli huitawanya kwa watu chungu nzima asiowajua wala wasiomjua. Aghalabu haambulii kitu. Lakini miongoni mwa wanaoipokea hakosi mmoja ambaye kweli anadaiwa siku hiyo: mzazi mwenye salio la karo, au mpangaji ambaye kodi yake imepitisha tarehe. Huyo hutuma bila kuuliza.

Mwanafunzi wa isimu hatakawia kuona kwamba nguvu yote imo katika neno "ile". Kivumishi hiki, licha ya kuonyesha kilicho mbali, hurejelea pia jambo ambalo msemaji na msikilizaji wanalifahamu tayari. Tapeli halijui deni lolote. Anayelijua ni mpokeaji, naye hulijaza pengo hilo kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Hata jina la mtumaji halitajwi, kwani anayedai "ile" hudhaniwa kuwa hahitaji kujitambulisha.

Huku kwetu Kenya, tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, neno lililozoeleka zaidi ni "kimakosa". Kwanza huja ujumbe bandia kwamba umepokea fedha. Punde si punde simu inalia, na sauti ya unyonge inakuita "Mama" au "Mwalimu", ikikusihi urudishe zilizotumwa kimakosa maana mgonjwa yu hospitalini. Hapo sarufi imewekwa kando na adabu ndiyo inayotumiwa kama chambo, kwani tumelelewa tusimfukuze anayetuita mama.

Hata hivyo, aliyekosea kweli anayo njia yake: huupeleka ujumbe wa muamala kwa nambari 456, na kampuni ya Safaricom ikalishughulikia ombi lake. Mpokeaji hana haja ya kutuma chochote kwa mkono wake mwenyewe. Na aangalie salio lake kwenye menyu ya M-Pesa, si katika ujumbe aliotumiwa, kwa sababu tarakimu mtu yeyote anaweza kuziandika.

Ulaghai mkubwa zaidi huhitaji tamathali. Turejee Tanzania, mwaka wa 2009, serikali ilipoingilia kati shughuli za DECI. Wanachama wake hawakusema kwamba wanatoa fedha. Walisema "wanapanda mbegu". Walipolipwa, "walivuna". Istiari hiyo ilifanya kazi ambayo hesabu isingeweza. Mwenye kukopesha huuliza riba inatoka wapi, ilhali mwenye kupanda huisubiri mvua tu. Laiti wangaliuliza, wangaligundua kuwa mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliowafuata, na kwamba siku wageni watakapopungua, wa mwisho hawatavuna hata punje. Kenya nayo ilikwisha kuonja shubiri hiyo miaka michache kabla, michezo ya piramidi ilipoporomoka.

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Karatasi ya Pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE hutahini ufahamu na isimujamii, nasi twawatafutia wanafunzi vifungu kuhusu mazingira na maadili mpaka wanasinzia. Kwa nini tusiwaletee ujumbe wa tapeli, ambao wanao tayari katika simu za wazazi wao? Waulizwe: Msemaji anadai kuwa nani? Anachukulia kwamba msikilizaji anajua nini? Vitenzi vimo katika hali gani? Watakuta amri tupu: tuma, harakisha, usimwambie mtu. Hiyo ya mwisho ijadiliwe kwa kirefu.

Isitoshe, siafikiani na wale wanaomcheka mwenzao aliyetapeliwa, hasa pale katika chumba cha walimu. Aliyeibiwa hakukosa akili. Alielewa lugha kama tunavyoielewa sote. Akichekwa leo, kesho atanyamaza, na ujumbe uliomwibia hautafika polisi wala kwa nambari 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za matapeli. Utabaki simuni mwake, na mwingine kama huo utakuwa njiani kwa mwalimu wa shule jirani.