Mshauri wa Wagonjwa Tororo na Busia

Askari amezoea kushika zamu usiku, mahali pasipo na mtu wa kumsifu. Ndiyo maana twaamini ataielewa upesi kazi ya washauri wa wagonjwa wa UKIMWI, inayofanyika kwa miaka mingi Tororo na Busia, katika nchi ya Wasamia, Waiteso na Wajapadhola, hapo malori kutoka Mombasa yanapoingia Uganda.

Chanzo chake ni msiba. Mwaka 1983 Christopher Kaleeba alipata ajali, akatiwa damu yenye virusi. Akafariki Januari 1987. Mkewe Noerine, mtaalamu wa kunyoosha viungo katika Hospitali ya Mulago, alikuwa ameona jinsi watu wanavyomkimbia mgonjwa. Mwaka huohuo yeye na wenzake wakaunda chama cha TASO. Kabla ya mwaka 1990 chama hicho kilikuwa na kituo Tororo. Dawa za kuzuia virusi zilikuwa bado hazijawafikia wananchi. Walichoweza kufanya ni kutibu vidonda na kikohozi, kumsikiliza mtu, na kumfuata nyumbani kwake.

Jeshi nalo halikusalimika. Mwaka 1986 askari 60 wa Uganda walikwenda Cuba kwa mafunzo. Walipopimwa, 18 walikutwa na virusi. Fidel Castro mwenyewe ndiye aliyempa Rais Museveni habari hiyo, mjini Harare, Septemba mwaka huo. Hatuikumbushi ili kumwaibisha mtu. Twaikumbusha kwa sababu askari ni mgonjwa kama raia, ila yeye huficha zaidi.

Mwaka 2003 ulianza mpango wa kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani katika wilaya za Tororo na Busia. Waliozipeleka, kila wiki na kwa pikipiki, hawakuwa madaktari wala wauguzi, bali watu wa kawaida waliofunzwa. Walihesabu vidonge vilivyobaki na kuuliza hali. Hapo ndipo ushauri wenyewe unapoanza. Vidonge vikizidi hesabu, mshauri mwema hakaripii. Hutafuta sababu: pengine ni njaa, pengine mume hajaambiwa, pengine nauli imekosekana. Iwapo muuguzi amemtolea mgonjwa maneno makali, au shemeji wanamfukuza mjane shambani, mshauri huandamana naye kwenda kusema. Na siri huitunza. Hili la siri ni gumu, maana pikipiki inayosimama mlango uleule kila wiki huwapa majirani la kusema, hata kama mwendeshaji amenyamaza.

Sasa twarudi kambini. Amri ya uhamisho huja ghafla. Askari anayetumia dawa huona haya kumwomba mkubwa wake ruhusa ya kwenda zahanati kuchukua barua ya kuhamisha matibabu. Hufunga begi, hupanda lori, na huko aendako hukaa miezi bila kidonge. Virusi huamka, na dawa za awali zaweza kushindwa. Leo yajulikana kwamba anayemeza dawa sawasawa hadi virusi visionekane katika damu hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana, na aweza kulitumikia jeshi miaka mingi. Barua hiyo ni karatasi moja tu. Mkubwa wa kikosi aweza kuiulizia kwa kila anayehama, mzima na mgonjwa, pamoja na orodha ya vifaa vyake, bila kumtaja mtu yeyote kwa ugonjwa.